Waya Mmoja, Pande Mbili

Tafakari ya juma



Anayeingia Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro hukipita kituo cha umeme cha Ubungo, na wengi wetu tumekipita miaka yote bila kukitazama mara mbili. Hapo inafika njia ya kilovolti 220 inayotoka Kidatu, ambako maji ya Ruaha Mkuu huzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 204. Kutoka hapo umeme huendelea na safari ukiwa umeshushwa hadi kilovolti 132, na sehemu yake huenda mpaka ufukweni, ikavuka kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari hadi Fumba, Unguja. Ukisimama karibu na ua wa kituo kama hicho utasikia mngurumo wa chini usiokatika. Ni chuma kinachotetemeka mara 100 kwa sekunde, kwa sababu mkondo wetu hubadili mwelekeo huku na huku mara 50 kwa sekunde, na chuma huvutwa katika kila nusu.

Tulifundishwa shuleni kwamba transfoma ina koili mbili zisizogusana. Umeme unaingia katika ya kwanza, unaamsha sumaku ndani ya chuma, na sumaku hiyo inaamsha umeme katika koili ya pili. Hivyo ndivyo zilivyo transfoma nyingi, hata zile tunazoziona nguzoni mitaani. Lakini kwa kazi ya kushusha kilovolti 220 hadi 132, wahandisi duniani kote hupenda kutumia mashine ya namna nyingine, ototransfoma, ambayo kwa kila fezi ina koili moja tu inayozihudumia pande zote mbili. Waya wa upande mkubwa unafungwa juu kabisa ya koili. Waya wa upande mdogo unatolewa katikati, kwenye kiungo. Chini kabisa kuna nyutro, na hiyo ni ya wote wawili, imefungwa ardhini.

Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, maana neno la wiki hii limo ndani yake. Tuache kando mambo ya fezi tatu, kwa kuwa uwiano haubadiliki. Tuseme koili ina mzunguko mmoja wa waya kwa kila kilovolti, yaani mizunguko 220 kutoka chini hadi juu, na kiungo kiko kwenye mzunguko wa 132. Juu ya kiungo kuna mizunguko 88, chini yake kuna 132. Mji unahitaji ampea 100. Kutoka Kidatu zinaingia ampea 60 tu, nazo zinatosha, kwa kuwa 220 mara 60 ni 13,200, na 132 mara 100 ni 13,200 vilevile.

Basi zile ampea 40 nyingine zinatoka wapi?

Zinatoka chini. Ampea 100 zilizokwisha kufanya kazi mjini zinarudi kwenye nyutro, na hapo zinagawana njia. Sitini zinarudi zilikotoka. Arobaini zinapanda tena ndani ya koili ileile, zikielekea juu wakati mkondo wa Kidatu unateremka, hadi wakutane kwenye kiungo na kutoka pamoja kwenda mjini. Kinachozipandisha ni sumaku. Zidisha mizunguko 88 ya juu kwa ampea 60, utapata 5,280. Zidisha mizunguko 132 ya chini kwa ampea 40, utapata 5,280 ileile. Sehemu ya juu inakiamsha chuma, sehemu ya chini inajibu kwa kipimo kilekile, na katika kujibu huko inapeleka nguvu mjini.

Kwa hiyo, katika kila sehemu mia za nguvu zinazofika upande wa pili, 60 zimepita moja kwa moja kwenye shaba, jinsi zilivyokuja, na 40 zimegeuzwa kuwa sumaku kisha zikarudishwa kuwa umeme. Chuma na shaba vya mashine nzima hupimwa kwa zile 40 peke yake. Ndiyo maana ototransfoma ya megavolti-ampea 150 inaweza kujengwa kwa kiini ambacho transfoma ya koili mbili ingekitumia kubeba takriban 60 tu. Na kadiri pande mbili zinavyokaribiana, ndivyo faida inavyoongezeka. Ile stabilaiza ya dukani inayopandisha umeme mdogo wa volti 200 hadi 230 hupitisha moja kwa moja sehemu 87 katika mia, na kuzibeba 13 tu kwa sumaku. Ndiyo maana kisanduku kidogo kinaweza kuendesha friji kubwa.

Nimekaa na jambo hili kwa muda, kwa kuwa nadhani limegusa swali ambalo kanisa letu linalikwepa: tunapompa mtu kitu, kinamfikiaje?

Mwanasayansi Michael Faraday alikuwa wa kwanza kutuonyesha vizuri njia ile ya pili, ya sumaku. Tarehe 29 Agosti 1831, katika Royal Institution ya London, alichukua pete ya chuma akaizungushia koili mbili, akazitenga kwa kitambaa na uzi ili zisigusane kabisa. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano ya sumaku ya upande wa pili ikashtuka. Alipoikata betri, ikashtuka tena, safari hii kwa upande wa kinyume. Hapakuwa na waya kati ya koili hizo. Faraday, mwana wa mhunzi, alikuwa Mkristo wa kikundi kidogo cha Wasandemania, na baadaye, mwaka 1840, alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa lake. Sitamwekea maneno kinywani. Ninachojua ni kwamba ugunduzi ule ni wa kweli: nguvu inaweza kuvuka mahali ambapo mkono haufiki.

Nasema hivyo kwa ajili ya ndugu zetu walio mbali. Mama anayemwombea mwanawe aliyeko Muscat, kijana anayetuma rambirambi kwa simu kwa sababu nauli ya kwenda Bukoba imemshinda, washarika wanaochangia dawa za mgonjwa wasiyewahi kumwona. Hayo yanafika. Asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba hawakufanya kitu.

Shida yetu ni nyingine. Tumeanza kutuma kwa mbali hata tunapokuwa karibu. Msiba uko nyumba ya tatu, tunatuma fedha na kubaki ndani. Mzee wa jumuiya yetu anaugua tangu Kwaresima, tunalitaja jina lake katika maombi ya Jumapili na hatujapita mlangoni kwake. Tunapokea ujumbe kwamba fedha imepokelewa, na moyo unatulia. Pale ambapo sehemu 87 katika mia zingeweza kupita moja kwa moja, kwa kuketi mkekani, kwa kuchota maji, kwa kukesha, sisi tumeweka ukuta na kuzitafutia zote njia ndefu.

Na sababu ya kuweka ukuta huo naielewa. Ni woga, nao una msingi.

Kinanda cha kwaya ya vijana, kama mnavyojua, kilikuja kutoka Marekani, na nyuma yake kimeandikwa volti 120. Kililetwa pamoja na kisanduku cha kushushia umeme. Hivi karibuni kisanduku kilianza kupata moto kupita kiasi, tukamwita fundi, akakifungua juu ya meza ya ofisi ya usharika. Ndani kulikuwa na koili moja ya waya wa shaba uliopakwa vanishi nyekundu, imekaa katikati ya mabati membamba yaliyobanwa pamoja, na nyaya tatu tu zikitoka. Fundi akaweka ncha moja ya mita kwenye pini inayoingia ukutani, na ncha ya pili kwenye tundu kinapochomekwa kinanda. Mita ikalia.

“Umesikia, Mchungaji?” akaniambia. “Huku na huku ni kitu kimoja.”

Akanieleza taratibu, akionyesha kwa bisibisi. Nusu ya umeme wa kinanda inapita humu bila kizuizi. Sasa, waya huu ukikatika hapa chini, katika sehemu wanayotumia pamoja, hakuna tena cha kushusha. Volti za ukutani zitateremka kupitia sehemu ya juu na kuingia kwenye kinanda zote. Akaongeza kwamba ikiwa aliyefunga soketi ya ukutani alibadilisha nafasi ya waya wa moto na nyutro, basi ule waya wa pamoja unaodhaniwa kuwa mtulivu ndio unaokuwa na volti 230 dhidi ya ardhi, ingawa kinanda kitapiga kama kawaida na hakuna atakayeshtuka mpaka mtu aguse pabaya. Transfoma ya koili mbili haina hatari hiyo, akasema, lakini kwa kinanda hiki ingekuwa kubwa na nzito zaidi. Kisha akaipima soketi yetu kabla ya kukifunga kisanduku. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa ufundi mwingine wote.

Ndugu zangu, kinachopita moja kwa moja kinapita kwa sababu hakuna ukuta. Na pasipo ukuta, tatizo nalo linapita. Hakuna fundi anayeweza kukuuzia mashine yenye jambo la kwanza bila la pili, maana vyote viwili vinatumia waya uleule. Ukiketi na aliyefiwa, huzuni yake itakuja nyumbani kwako usiku. Ukimchukua mtoto wa dada yako umsomeshe, ada yake, homa yake na ukaidi wake vitakuwa vyako. Paulo aliwaandikia Wakorintho katika waraka wa kwanza, sura ya 12, kwamba kiungo kimoja kikiumia, vingine vyote vinaumia pamoja nacho. Tumezoea kulisoma neno hilo kama pongezi kwa kanisa lenye upendo. Mimi nalisoma pia kama onyo kwa anayetaka kujiunga: utaumia. Wanaokwenda kwenye misiba na hospitali kila wiki wanalijua hilo, nao hawahitaji kulaumiwa wanapochoka. Wanahitaji watu wa kupokezana nao.

Nina jambo zito zaidi la kusema, nalo limo katika hesabu ileile.

Nimesema ototransfoma ina faida pale pande mbili zinapokaribiana. Transfoma ya nguzoni kijijini hupokea kilovolti 33 na kutoa volti 400, ambazo zikifika katika nyumba ni 230. Mtu akijaribu kuifanya kazi hiyo kwa koili moja, sehemu itakayopita moja kwa moja haifiki mbili katika mia. Faida hakuna. Lakini kijiji kizima kitakuwa kimefungwa kwenye waya mmoja na kilovolti 33, na siku sehemu ya chini itakapokatika, nguvu hizo zote zitaingia katika vyumba wanamolala watoto. Kwa hiyo hapo hutumika koili mbili, na kati yao huwekwa karatasi, mafuta na nafasi. Utengano huo unawalinda wadogo.

Nimesikia mara nyingi, na mara nyingine mimbarani, mke anayepigwa akiambiwa arudi nyumbani kwa sababu Mungu anapenda umoja. Nimesikia binti wa kazi anayenyimwa mshahara akiambiwa avumilie kwa sababu ni mtu wa familia. Na tuseme wazi, wako mabinti wa kwaya waliofundishwa kumtii kiongozi wao katika lolote kwa kuwa kanisa ni mwili mmoja. Hapo pande mbili hazikaribiani. Mmoja ana mkono, fedha, funguo za nyumba na sauti inayosikilizwa. Mwingine hana. Kuwafunga kwa waya mmoja na kuuita upendo ni kumweka mdogo mahali ambapo kosa moja la mkubwa linammaliza. Umoja anaouhubiri Paulo una sharti lake ndani ya sura ileile: viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vipewe heshima zaidi na kutunzwa zaidi. Pale ambapo mwenye nguvu hajakubali kushuka, kumtenga mnyonge naye ni kazi ya kichungaji, na atakayeifanya asione haya.

Ndipo ninapofika kwa Bwana wetu, na nakiri kwamba hapa nazungumza kwa hofu.

Kama tungepima tofauti kati ya Mungu na mwanadamu kwa kipimo cha wahandisi, hakuna ambaye angetuunganisha. Watu wa Agano la Kale walilijua hilo. Pale Mlima Sinai, katika Kutoka sura ya 19, mipaka iliwekwa kuuzunguka mlima ili watu wasiuguse wakafa. Mipaka ile haikuwa kiburi cha Mungu. Iliwalinda wale waliosimama chini.

Wafilipi sura ya 2 inatuambia kilichofuata. Yeye aliyekuwa sawa na Mungu hakuung'ang'ania ukuu huo. Alijishusha kwanza. Alichukua hali ya mtumwa, akazaliwa kama sisi, akashuka hadi mauti ya msalabani. Hakutuwekea nguvu zake zote mlangoni tukaungua. Alikuja kwa kipimo cha Nazareti, cha useremala, cha njaa na usingizi juu ya mto ndani ya mashua, hata watoto wakaweza kupandishwa mapajani mwake. Tofauti ile aliimaliza yeye, kwa upande wake, kwa kushuka. Ndipo akajiunga nasi pasipo ukuta, na mwandishi wa Waebrania, sura ya 2, anasema ilimpasa kufananishwa na ndugu zake katika mambo yote, akishiriki damu na nyama.

Aliposhiriki, lililokuwa letu likamfikia. Yuda alikula naye bakuli moja. Petro, aliyetembea naye miaka ile yote, alimkana karibu na moto. Kama angebaki nyuma ya ukuta angeweza kutusaidia kwa mbali, na bado tungekuwa na deni la shukrani. Lakini yale aliyotupa usiku ule wa mwisho, mkate mkononi, miguu iliyooshwa kwa maji, mmoja mmoja, yasingepita kwa njia nyingine. Na msalaba usingemfikia.

Kwa hiyo anayewataka wanyonge wavumilie kufungwa na wenye nguvu kwa mfano wa Kristo ameusoma mfano huo kwa kuugeuza. Aliyeshuka alikuwa mwenye nguvu. Waume, waajiri, wazee wa kanisa, na sisi tuliopewa kola na joho, mfano huo unaanzia kwetu. Kabla ya kuomba umoja, tushuke: tusikilize bila kukatiza, tuweke fedha mezani ambapo mwingine anaziona, tukubali kuulizwa, tukubali kukosolewa mbele ya watoto. Yule wa upande wa pili ndiye atakayesema kama sasa tumekaribiana kiasi cha kuunganishwa. Sisi hatuna haki ya kujitangazia.

Wiki hii jumuiya zisome Wafilipi 2:1–11 na Waebrania 2:10–18. Kila jumuiya ichague nyumba moja iliyo karibu ambayo tumekuwa tukiitumia fedha tu, iende ikaketi huko, na wanaokwenda wawe wawili wawili ili mmoja akichoka mwingine abaki. Mzee wetu anayeugua yuko palepale nyuma ya shule ya msingi, na anapenda kusomewa gazeti.

Na kama wewe unayesoma ndiye uliye upande mdogo, na nyumba unayoishi imekuwa ya hatari kwako au kwa watoto wako, ofisi ya usharika iko wazi kila siku hadi saa kumi na moja jioni. Mwinjilisti wetu na mama wawili wa idara ya wanawake wamejitolea kukusindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na chumba cha wageni kimeandaliwa. Njoo na watoto, na vyeti vyao vya kuzaliwa ukiweza kuvipata. Ukishindwa, njoo hivyohivyo.